Ndoo ya kufua maji haitengenezi boti

KIJANA mwenye ndoo ni mtu wa kawaida kabisa katika boti ndogo za mizigo za Mto Ruvuma na mwambao wa Mtwara. Nahodha hushika usukani, mwenye mzigo huketi juu ya magunia, na kijana huinama ngamani akichota maji na kuyamwaga nje tangu boti inapoondoka hadi inapofika.

Hakuna anayemshangaa. Mwenye mzigo akiuliza kama chombo kinavuja, jibu analopewa ni lile lile: “Maji kidogo tu, mama. Chombo cha mbao hakikosi maji.” Jibu hilo hukubalika, nauli hulipwa na safari huanza.

Hata hivyo, jibu hilo ndilo linalowapunguzia kipato wakulima na wafanyabiashara wadogo. Boti inayohitaji mtu wa kufua maji safari nzima haivuji kidogo. Mwenye boti ameamua kulipia ubovu huo kila siku badala ya kuulipia mara moja, na sehemu kubwa ya malipo hayo humwangukia mwenye mzigo.

Katika kijiji kama Kilambo, suala hili haliwezi kuachwa kwa mabaharia peke yao. Kilambo iko kusini mwa mji wa Mtwara, kwenye ukingo wa Ruvuma, na ng’ambo yake ni Namoto, Msumbiji. Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 liko mbali sana, huko Mtambaswala wilayani Nanyumbu. Kwa watu wa maeneo ya chini ya mto, chombo cha majini ndiyo barabara yao.

Serikali ilipeleka kivuko cha MV Kilambo chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA) kwa ajili ya magari na abiria wa eneo hilo. Lakini kivuko hakiingii katika kila hori la mikoko, wala hakimfikishi mwenye mifuko 10 ya saruji katika kijiji chake. Kazi hiyo hufanywa na mitumbwi, mashua na boti ndogo, zikiwamo zile zenye kibanda cha mbao au bati ambamo mabaharia hulala na kuhifadhi vitu visivyotakiwa kulowa.

Mizigo yenyewe haipatani na maji. Saruji ikilowa huganda ndani ya mfuko. Sukari huyeyuka, unga huota ukungu na mbolea hugeuka mabonge. Salfa ya unga, ambayo mkulima wa korosho huitegemea kupambana na ubwiriunga, ikishika maji haipuliziki tena. Mkulima aliyekopa kununua pembejeo hizo hatasamehewa deni kwa sababu mfuko wake ulikaa chini kabisa kwenye boti.

Hesabu ya ndoo

Ni vyema mwenye boti aanze na hesabu rahisi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ndoo 10 zikilala ngamani ni kilo 200, yaani sawa na mifuko minne ya saruji ya kilo 50 ambayo hailipi nauli.

Boti ikiingiza ndoo moja tu kwa saa, hiyo ni ndoo 24 kwa siku, au kilo 480. Mashine huisukuma shehena hiyo kwa mafuta ya pesa, na hakuna mteja anayelipia. Mwenye boti anayelalamika kwamba petroli imepanda bei angeanza kwa kuangalia chini ya miguu yake.

Matundu yenyewe huwa madogo kuliko watu wanavyodhani. Tundu lenye upana wa sentimita moja, lililo sentimita 30 chini ya usawa wa maji, linaweza kuingiza takribani lita 400 kwa saa. Hizo ni ndoo 20. Msumari mmoja uliooza na kudondoka unatosha kuacha tundu la namna hiyo.

Hatari nyingine haionekani kwenye daftari la mapato. Maji yaliyo ngamani hayatulii mahali pamoja. Boti ikiinama upande mmoja, nayo hukimbilia upande huo na kuizidisha kuinama. Boti yenye mzigo mwingi na maji mengi ndani inaweza kupinduliwa na wimbi ambalo boti kavu ingelipita bila shida.

Taifa limekwisha kulia mara kadhaa kwa ajali za vyombo vikubwa, kama MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018. Baada ya kila ajali mjadala huwa juu ya meli na vivuko. Boti ndogo, ambazo hubeba watu na mali kila siku, husahaulika mpaka mkasa mwingine.

Kabla ya kuziba, tafuta

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuziba kabla ya kujua maji yanaingilia wapi. Fundi huitwa, hupaka lami mahali panapoonekana pameloa, hulipwa na kuondoka. Wiki inayofuata maji yamerudi palepale.

Sababu ni kwamba maji huonekana mbali na pale yalipoingilia. Yakipenya kwenye ungio la mbele huteremka kwa kufuata taruma, hupita juu ya mkuku na kukusanyika sehemu ya chini kabisa, ambayo mara nyingi ni karibu na tezi. Anayeziba tezi kwa kuwa ndiko kulikolowa anaziba mahali pasipo na kosa.

Kinachotakiwa ni daftari na siku chache za subira. Boti ikaushwe ngama kabisa kwa ndoo na kitambaa. Kisha ndoo zihesabiwe katika hali nne tofauti, na kila hali iandikwe peke yake.

Hali ya kwanza ni boti tupu iliyofungwa usiku mmoja bila mvua. Ikiingiza maji, kosa liko chini, karibu na mkuku, kwenye msumari, au mahali ambapo boti hugusa chini. Katika maingilio ya Ruvuma mafungu ya mchanga huhamahama, na boti zinazokwama juu yake huumia kwanza kwenye ungio la mkuku na ubao wa kwanza wa kila upande.

Hali ya pili ni boti ileile iliyofungwa ikiwa na mzigo. Ikiwa ilikuwa kavu bila mzigo lakini inavuja ikipakiwa, kosa liko juu zaidi, kwenye maungio ambayo kwa kawaida hukaa juu ya maji na kukauka kwa jua. Mzigo ukiyashusha chini ya maji, yanakuwa milango. Boti ya namna hii humdanganya mwenyewe, kwani kila anapoikagua ikiwa tupu huiona nzima.

Hali ya tatu ni boti ikiwa safarini. Ikivuja inapotembea tu, pa kutazamwa ni pale shafti ya propela inapopita kwenda nje, boliti zinazoshikilia mashine ya nyuma, na maungio ya omo yanayopigwa na mawimbi. Mtikisiko wa mashine kubwa iliyofungwa kwenye boti nyepesi hulegeza misumari kidogokidogo.

Hali ya nne ni baada ya mvua. Ikiwa maji huonekana asubuhi ya mvua tu, chini ya boti hakuna kosa. Kosa liko kwenye paa la kibanda, madirisha yake, au pale kibanda kilipounganishwa na boti.

Kupima kwa ulimi

Baharini, kama Msimbati au Mikindani, ipo njia ya haraka. Maji ya ngamani yakionjwa yakawa ya chumvi, yametoka baharini. Yakiwa baridi, yametoka mawinguni.

Kilambo njia hiyo haiaminiki. Hapo mto na bahari hukutana na kupishana kwa kujaa na kupwa, na wakati wa masika Ruvuma ikifurika, maji ya mto nayo ni baridi. Ulimi hauwezi kuyatofautisha na ya mvua. Ni afadhali kuyachota kwenye chupa nyeupe na kuyaacha yatulie. Maji ya mto huacha tope chini ya chupa, ilhali ya mvua huwa na uchafu kidogo, hasa kama ngama ilifutwa kabla.

Baada ya kujua upande, ndipo hutafutwa mahali penyewe. Ngama ikiwa kavu, unga wa chokaa au majivu makavu yakinyunyizwa kando ya maungio huonyesha mstari wa kwanza wa maji yanapoingia. Mtu mmoja mwenye tochi aufuate mstari huo kwenda juu mpaka unapoanzia, na hapo pawekwe alama kwa mkaa.

Boti ikiwa nchi kavu, hufanywa kinyume chake. Maji kiasi humwagwa ndani, na mtu huzunguka nje akitazama yanakotokea. Maji yasijazwe mengi, kwani uzito wake bila bahari ya kuushikilia kwa nje unaweza kuachanisha mbao zaidi. Kimo cha viganja viwili kinatosha kwa sehemu ya chini.

Kwa kibanda, kazi huanzia chini kwenda juu. Maji yamwagwe kwenye ungio la chini kwanza, mwingine akiwa ndani, kisha dirisha, na paa mwishoni. Anayeanza na paa hulowesha kila kitu kwa mara moja na hatajua lililovuja ni lipi.

Bamvua na muda wa kazi

Boti ya Mtwara haina haja ya chelezo cha gharama ili itazamwe chini. Bahari yenyewe huipandisha na kuiacha. Boti ikiegeshwa kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yamejaa, itapwelewa na kumpa fundi saa kadhaa za kazi kabla maji hayajarudi.

Lakini siku ichaguliwe kwa akili. Wakati wa maji mafu, bahari haipandi juu wala haishuki sana, na muda wa kazi huwa mfupi. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hushuka mbali. Kwa upande mwingine, boti ikipandishwa juu kabisa katika kilele cha bamvua inaweza kubaki huko mpaka bamvua ijayo, karibu wiki mbili baadaye.

Kwa kazi kubwa ya kubadilisha ubao, hizo wiki mbili ndizo zinazotakiwa. Kwa kuziba ungio moja, ni hasara ya wiki mbili za biashara. Mwenye boti anayeijua kalenda ya mwezi huokoa fedha zaidi kuliko anayepunguza ujira wa fundi.

Kalafati na njia za mkato

Ufundi wa kuziba maungio ya mbao haukuletwa jana katika mwambao huu. Pamba ya zamani huondolewa, ungio husafishwa hadi kwenye mbao ngumu, kisha nyuzi mpya za pamba zilizoloweshwa mafuta husukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Juu yake hupakwa puti, na chini ya maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama. Wengine hutumia mafuta ya nazi na wengine sifa, mafuta ya papa.

Siri ya kazi hiyo ni kiasi. Mbao zilizokauka miezi ya kusi huwa zimesinyaa na maungio yake ni mapana. Fundi akiyashindilia pamba mpaka yakajaa sana, mbao zikirudi majini zitanywa maji na kuvimba, na kwa kuwa hazina nafasi zitasukumana hadi misumari ilegee. Kalafati iliyozidi huweza kuvunja taruma.

Kwa sababu hiyo hiyo, saruji haifai ndani ya ungio la mbao. Hugumu na kukaa kama jiwe wakati mbao zinapotanuka na kusinyaa pembeni yake. Baada ya muda mfupi maji hupita kando ya saruji, na nyuma yake mbao huoza bila kuonekana. Lami inayopakwa juu ya ubao uliolowa nayo haishiki. Huning’inia kama ngozi, na maji hutembea chini yake.

Kiraka cha bati chenye kipande cha mpira na lami chini yake ni dawa ya dharura, ya kumfikisha nahodha nyumbani. Kikikaa mwaka mzima, huwa ni kifuniko cha kuozea mbao.

Misumari nayo itazamwe. Msumari wa chuma usiopakwa zinki vizuri hula kutu, na kutu huula ubao unaouzunguka. Dalili ni doa jeusi au jekundu kuzunguka kichwa cha msumari. Kuugongomea tena hakusaidii, kwani hauna tena cha kushika. Ung’olewe, tundu lizibwe kwa kigingi cha mbao, na msumari mpya upigwe pembeni ukiwa na nyuzi za pamba yenye mafuta chini ya kichwa chake.

Wapo pia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao kwa ndani huku nje kukionekana tundu dogo kama la sindano. Wadudu hao huishi kwenye maji ya chumvi na hufa chombo kinapokaa muda mrefu kwenye maji baridi. Boti inayofanya kazi mtoni ina nafuu hiyo. Boti inayoshinda baharini inahitaji deheni au rangi ya kuzuia wadudu bila kukosa.

Hapa mkulima wa korosho ana la kuwaza. Nchini India wavuvi wametumia kwa miaka mingi mafuta ya maganda ya korosho kuhifadhi mbao za boti na nyavu. Mtwara ni mkoa wa korosho, lakini maganda hayo yanaonekana zaidi kama taka au kuni. Mafuta yake huunguza ngozi, kwa hiyo yanahitaji mikono yenye glovu na mtu anayejua anachofanya. Hata hivyo, ni ajabu kwa mwambao wenye mikorosho mingi kiasi hiki kununua kila kopo la dawa ya mbao kutoka mbali.

Kibanda nacho kina deni

Wenye boti wengi hulidharau paa linalovuja kwa kuwa haliwezi kuzamisha chombo. Wanakosea. Maji ya chumvi huchelewesha kuoza kwa mbao, lakini maji ya mvua huharakisha. Tone linalopita kwenye kona ya kibanda na kulala juu ya taruma mvua nzima, kuanzia Desemba hadi Aprili, hufanya kazi ambayo bahari isingeifanya kwa miaka.

Dawa yake si kuongeza lami juu ya paa kila mwaka. Madirisha yang’olewe, fremu zikaushwe, na zirudishwe kwa gundi inayonyumbuka, kama ile inayotumika kushikisha vioo vya magari. Misumari ya bati iwe na mpira chini ya vichwa. Kibanda kiwe na matundu ya hewa, kwa sababu kibanda kilichofungwa kabisa hutokwa jasho usiku, na mwenyewe akadhani kinavuja.

Wapo wanaoamini kuwa boti za faiba, ambazo Serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi miaka ya karibuni, zimemaliza tatizo hili. Zimelipunguza, lakini hazikulimaliza. Faiba haina maungio ya mbao, lakini ina boliti, shafti, madirisha na mahali inapokwaruzwa na mchanga. Ikitobolewa bila tundu kuzibwa vizuri, maji huingia kati ya tabaka zake na kuifanya nzito. Daftari la ndoo linaifaa nayo pia.

Hoja ya wenye boti

Wenye boti nao wana hoja, na ni haki isikilizwe. Wanasema chombo cha mbao hakiwezi kuwa kikavu kabisa. Wanasema kuipandisha boti ni kupoteza siku za kazi, na mwenye mzigo hatawalipa kwa siku hizo. Wanasema mbao nzuri zimekuwa ghali, na miti ya mikoko haikatwi ovyo tangu Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilipotangazwa mwaka 2000.

Hoja ya kwanza ina ukweli nusu. Boti iliyokaa juu ya mchanga kwa miezi kadhaa itavuja siku ya kwanza inaporudishwa majini, na hilo si ubovu. Lakini daftari linajua tofauti. Mbao zikinywa maji, ndoo hupungua siku ya pili na ya tatu. Boti ambayo ndoo zake hazipungui, au zinaongezeka, haijakauka tu. Ni mbovu.

Hoja ya siku za kazi hujibiwa na msimu wenyewe. Wakulima wa korosho huanza kupata fedha kuanzia Oktoba na kuendelea, na hapo ndipo saruji, bati na sukari huhitajika kwa wingi. Boti ikitazamwe kabla ya hapo, kusi inapolegea na kaskazi haijaanza. Mwenye boti anayesubiri mpaka mzigo uwepo ndipo agundue uvujaji atapoteza siku zile ambazo ndizo zenye fedha.

Hoja ya mbao ghali, ikitazamwa vizuri, inamgeukia mwenyewe. Ikiwa ubao mpya ni ghali na mti wake hukatwa kwa kibali, basi ubao uliopo ni mali ya kulindwa. Pamba na mafuta ni rahisi kuliko ubao, na ubao ni rahisi kuliko boti.

Nani afanye nini

Mabadiliko yanaweza kuanza kwa mwenye mzigo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nauli mfukoni. Kabla ya kulipa, aombe mbao za sakafu zifunuliwe atazame ngama. Kama ni kavu, apakie. Kama kijana ameshashika ndoo boti ikiwa bado imefungwa, atafute boti nyingine au mzigo wake ukae juu ya vichaga, na nauli ipungue. Nahodha mwema hatakasirika kuulizwa. Wenye maduka wanaosafirisha pamoja wana nguvu zaidi ya kuuliza kuliko mmoja mmoja.

Vikundi na taasisi zinazokopesha fedha za kununua mashine nazo zijiulize mashine hiyo inafungwa juu ya nini. Mashine mpya juu ya boti iliyooza ni mkopo usiolipika. Kiasi kidogo cha mkopo kingetengwa kwa ajili ya kuikagua na kuitengeneza boti kwanza, na fedha hizo zilipwe kwa fundi moja kwa moja.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambalo lilianza kazi mwaka 2018 na linasimamia usalama wa vyombo vya majini, lina wajibu wa kukagua boti ndogo. Majaketi ya kuokolea maisha ni muhimu, lakini jaketi humsaidia mtu baada ya boti kushindwa. Ukaguzi unaofungua ngama na kuuliza idadi ya ndoo za usiku ungesaidia kabla ya hapo.

Mwisho, mafundi wa kalafati wanazeeka. Vijana wengi wanajifunza kutengeneza mashine na simu, si kusikiliza sauti ya patasi kwenye ungio. Mtwara ina chuo cha VETA, na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) una kampasi Mikindani. Kozi fupi ya kuwakutanisha mafundi wazee na vijana wa vijiji kama Kilambo na Msimbati haihitaji jengo jipya. Inahitaji boti moja mbovu, bamvua moja na mzee anayelipwa kwa kufundisha.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mfanyabiashara anaweza kuhangaikia bei ya mafuta, ushuru na wateja wake wa ng’ambo, lakini mwisho wa yote mali yake imelala juu ya mbao chache, na chini ya mbao hizo kuna maji au hakuna.

Yule kijana mwenye ndoo naye anastahili kazi bora zaidi. Akipewa patasi, pamba na fundi wa kumwongoza kwa siku chache, atakuwa amefanya kwa bamvua moja kile ambacho ndoo yake haitakifanya kwa miaka kumi.